Throne of Bhaal: uwezo wa juu, na upi uanze nao

Skrini ya kupanda leveli ikikuletea kwa mara ya kwanza orodha ya uwezo wa juu (high-level abilities), yaani mbinu maalumu za wahusika waliokomaa, usibonyeze kitu. Sevu kwanza. Ukishachagua umechagua, gemu hii haina fundi wa kukufumulia mhusika na kumshona upya.

Tunazungumzia Throne of Bhaal, nyongeza ya gemu ya Baldur's Gate II iliyotengenezwa na BioWare mwaka 2001. Siku hizi inakuja ndani ya Enhanced Edition ya Beamdog (2013), kwenye kompyuta, tableti na simu. Gemu mama ilifunga pointi za uzoefu kwenye 2,950,000. Nyongeza ikasukuma mpaka hadi 8,000,000. Ukifika kama 3,000,000, kila leveli unayopanda inakuja na chaguo moja la uwezo wa juu. Anayeanza moja kwa moja kwenye nyongeza hupewa 2,500,000 mkononi, kwa hiyo orodha haitamchelewesha sana. Uzoefu wa kuua maadui hugawanywa kwa walio kundini, kwa hiyo kundi la watu wanne huifikia mapema kuliko la sita.

Uzuri na udhaifu wa mfumo wote uko kwenye hesabu. Mpiganaji hupanda kila pointi 250,000, kuanzia leveli ya 20 hadi ya 40, jumla machaguo 21. Mwizi hupanda kila 220,000, kutoka ya 24 hadi ya 40: machaguo 17. Mchawi ni mzito, 375,000 kwa leveli, naye anaanza ya 18 na kugota ya 31: machaguo 14 tu. Mwenye mengi ndiye hana cha kununua, na mwenye machache ndiye dukani kwake kumejaa.

Kwa mpiganaji anza na Hardiness, inayopunguza madhara ya silaha kwa asilimia 40. Inafuata Whirlwind, si kwa utamu wake bali kwa sababu bila hiyo mlango wa Greater Whirlwind haufunguki. Hicho ndicho kisulisuli chenyewe: mapigo 10 ndani ya mzunguko mmoja, yaani sekunde 6, kwa upanga au hata kwa upinde. Kila ukiichagua unaongeza matumizi moja kwa siku, basi rundika. Lakini angalia nani anaichukua. Anayeshika silaha mbili na kupuliziwa Improved Haste (uchawi wa kuongeza kasi) tayari anaweza kukaribia mapigo hayo, na 10 ndiyo dari. Faida kubwa ni ya mwenye silaha moja ya mikono miwili. Deathblow iache: inaua viumbe walio chini ya leveli ya 10, na Greater Deathblow walio chini ya 12, wakati wanaokusumbua huku juu wamepita hapo zamani. Smite nayo humrusha adui mbali, kisha wewe ndiye unamkimbilia. Baada ya chaguo la nane hivi, mpiganaji anajaza kapu tu.

Mwizi ndiye aliyependelewa. La kwanza ni Use Any Item, bila mjadala. Mwizi anashika Carsomyr, upanga wa mapaladini, na anasoma hati za uchawi kama mchawi. Kosa la wengi ni kudhani inakuja na ustadi wa silaha. Haiji, utashika upanga mkubwa na ulengaji wako utaumia. Ichukue kwa ajili ya hati, mavazi na vifaa, silaha iwe ya pili. Machaguo mengine yote yaende kwenye Spike Trap: dadu 20 za pande 6 kwa kila mtego. Mitego haitegeki adui mwenye uhasama akiwa machoni pako, lakini hadithi hii imejaa maadui wanaopenda kuhutubia kabla ya kupigana. Tega miguuni pake, kisha ndipo umsemeshe.

Kwa mchawi kuna mtego ambao skrini haiusemi wazi. Uchawi wa ngazi ya 10, ambao ndio uwezo wake wa juu, hauna nafasi zake, yaani idadi ya uchawi unaoweza kuandaa wa ngazi hiyo. Unakula nafasi za ngazi ya 9. Leveli ya 18 una nafasi moja ya ngazi hiyo, ya 19 bado moja, ya 20 ndipo zinakuwa mbili. Ukichukua Improved Alacrity, Dragon's Breath na Planetar (malaika wa kuitwa vitani) mfululizo, una sahani tatu na vijiko viwili. Mpangilio unaofaa: Alacrity kwenye ya 18, kisha nafasi za ziada za ngazi za chini, ambazo ndizo risasi zake. Alacrity hufuta kusubiri kati ya uchawi mmoja na mwingine, sasa ukiwa na chache za kurusha, unaharakisha nini? Ikifika ya 20, weka Time Stop (uchawi wa kusimamisha muda) na Alacrity pamoja. Ongeza joho la Vecna, linalopunguza muda wa kuroga kwa 4 na linalouzwa na Deidre pale Adventurer's Mart, na adui hapati zamu. Planetar afuate hapo.

Makuhani hawana mengi ya kusimulia: Deva (malaika wao wa kuitwa) kwanza, na wakumbuke uwezo wao unakula nafasi za ngazi ya 7 kwa mtindo uleule.

Wa mchanganyiko wa asili, kama mpiganaji-mwizi, huchota kwenye orodha zote mbili. Aliyebadili kazi katikati huchota ya kazi ya pili pekee. Ila mpiganaji-mchawi-mwizi apigiwe hesabu mapema. Pointi 8,000,000 zikigawanywa kwa tatu ni takriban 2,666,000 kila upande, na nafasi ya kwanza ya ngazi ya 9 inadai 3,000,000. Alacrity hataionja. Mpe Use Any Item na Greater Whirlwind, uchawi wake ubaki wa kujikinga.