ELM327: kiboksi cha kupima gari linalokosa nguvu, kinachoweza na kisichoweza

Ni kile kiboksi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani na kuongea na simu kwa bluetooth. Kwa mwenye IST, Premio au Forester hapa Dodoma, kinastahili kununuliwa, ila si kwa sababu wanayoitangaza wauzaji. Kusoma kodi za hitilafu (namba kama P0171 ambazo kompyuta ya gari huhifadhi ikiona tatizo) ni kazi yake ndogo. Thamani yake iko kwenye vipimo vya injini inayounguruma, kwa kuwa gari linaweza kuishiwa nguvu kabisa bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi.

Kwenye kununua, chagua kilichoandikwa toleo 1.5. Vingi vya 2.1 ni vya kuigiza vilivyopunguzwa uwezo: vinaungana na simu vizuri, halafu vinashindwa kuongea na gari. Wenye iPhone watafute cha wifi au cha bluetooth 4.0, kile cha bluetooth ya zamani hakitaonekana. Namba ya siri kwa kawaida ni 1234 au 0000, na programu za Torque au Car Scanner zinatosha. Tahadhari moja: magari ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana tundu lilelile lakini mengine hayafuati OBD2, lugha ya kawaida ambayo kompyuta ya gari huongea na vifaa vya kupimia. Omba ukijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Kisha hesabu mwinuko. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Washa swichi bila kupiga stata, tazama shinikizo la hewa: Dar es Salaam linasoma karibu kPa 101, hapa 88 hadi 90. Injini isiyo na tabo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa sababu hiyo pekee, kwa hiyo aliyepanda kutoka Pwani akaona gari limechoka asikimbilie kununua spea. Kwa gari lenye sensa ya MAP (inayopima shinikizo la hewa ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa), kipimo hichohicho kinatoa jaribio zuri sana. Barabara ikiwa wazi, weka gia ya pili, kanyaga mafuta hadi chini, aliyekaa pembeni asome simu. MAP ikaribie ile 88. Ikigota kwenye 75, hewa inazuiwa njiani, na kwa vumbi letu la kiangazi mtuhumiwa wa kwanza ni filta ya hewa. Toyota nyingi ndogo zinatumia MAF (sensa inayopima kiasi cha hewa inayoingia) badala ya MAP, hivyo kwao fungua boksi la filta uangalie kwa macho. Filta ya karatasi iliyopulizwa kwa kompresa yenye presha kubwa inachanika, kisha vumbi linaganda kwenye waya wa MAF.

Hapo ndipo P0171 inapotokea, yaani mafuta kidogo kuliko hewa. Mafundi wengi wakiiona wanabadilisha sensa ya oksijeni, na pesa inapotea bure: sensa hiyo ndiyo imetoa taarifa. Injini ikishapata moto, nyuzi 85 hadi 95, fungua STFT na LTFT (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu), ujumlishe. Kati ya -10 na +10 ni sawa. Ikiwa +20 bila mafuta kukanyagwa, halafu inashuka ukishikilia RPM 2,500, kuna hewa inayoingia kwa wizi: mpira wa vakyumu uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Ikiwa nzuri pale chini lakini inapanda gari likibeba mzigo, mfano ukipanda mlima Nyang'oro kuelekea Iringa, shuku filta ya mafuta, pampu, au MAF chafu. MAF husafishwa kwa dawa yake maalumu. Ya kabureta inaweza kuiharibu, na waya wake usiguswe kwa pamba wala kidole.

Gari linalomisi, yaani silinda kushindwa kuunguza mafuta yake, ndilo rahisi zaidi. Ukipata P0302 (silinda ya pili inamisi), hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu (kwenye IST ni bolti ya spana namba 10), futa kodi, endesha. Ikirudi P0303, koili imekufa. Ikibaki P0302, nenda kwenye plagi, kisha nozeli, kisha kompresheni. Taa ya injini ikipepesa wakati gari linamisi, punguza mwendo na usilivute hivyo hadi Morogoro: petroli isiyoungua inakwenda kuungua ndani ya masega (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi) na kuyayeyusha.

P0420 nayo inaonewa. Inasema masega hayasafishi moshi vizuri. Haisemi yameziba, na kuyang'oa kwa kodi hiyo peke yake hakurudishi nguvu iliyopotea kwingine. Kuziba kunapimwa kwa geji ya presha kwenye tundu la sensa ya oksijeni ya mbele.

Kabla ya kufuta kodi yoyote, piga picha skrini pamoja na data iliyogandishwa: inaonyesha RPM, mwendo na joto wakati hitilafu inatokea. Ukifuta, vyote vinapotea, na fundi utakayempelekea anaanza gizani.

Mapungufu yake ni ya wazi. Kwa kawaida hakisomi taa za ABS wala ea begi. Kwa hizo nenda kwa mwenye mashine kubwa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, kiache mfukoni: simama pembeni, zima injini papo hapo, pima oili kwa dipstiki. Na gari likilala, kichomoe, maana pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote na kiboksi kinaendelea kuunywa.