Taa za dagaa kwenye filamu ya majini: maoni ya mpiga video wa harusi

Ninachokizungumzia hapa hakipo kwenye duka lolote la kamera. Ni zile taa za LED za kuvulia dagaa, zinazoelea juu ya boya usiku, ambazo ukiwa ufukweni unaziona kwa mbali ukadhani ng'ambo ya ziwa kuna mji mwingine. Tulizikodi kwenye mwalo wa Igombe, Ziwa Victoria upande wa Mwanza, kwa filamu fupi ya dakika 11: binti anaifuata sauti ya bibi yake aliyechukuliwa na watu wa chini ya maji. Karibu kila kitu kinatokea usiku, katikati ya mawe. Wote walijitolea. Wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, halafu fundi cherehani jirani yangu aliyeshona mavazi kwa vitambaa vya Makoroboi mjini, na shemeji mwenye Noah. Mimi natafuta riziki kwenye video za harusi, kwa hiyo kamera ninayo. Taa za kumulika usiku wa nje ndizo sikuwa nazo.

Mjini niliulizia. Taa za video za kukodi zipo, ila dhamana yake ilizidi bajeti yetu yote, na bado zinataka umeme. Ufukweni umeme ni jenereta, na jenereta ni mafuta pamoja na kelele. Mwigizaji ananong'ona, jenereta linaunguruma nyuma ya jiwe. Hapo utarekodi nini? Taa ya dagaa inatumia betri ya volti 12 na haitoi sauti hata kidogo. Kwa hilo tu nilikuwa nimeshakubali.

Lakini uende kwa kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu wanavutwa na taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa mwanga unaenea ziwa zima na taa inakosa nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo wakati wa mbalamwezi mitumbwi mingi ya dagaa hulala mwaloni. Nyavu zinashonwa, taa zimekaa tu. Siku hizo ndizo za kumwona tajiri (ndivyo anavyoitwa mwenye mtumbwi, hata kama ni mmoja tu na una viraka). Ukienda wakati wa giza atakucheka. Sisi tulipatana shilingi elfu tano kwa taa kwa usiku, betri ikiwemo, baada ya kupitia kwa mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia mwalo) na kumwonyesha kibali chetu cha Bodi ya Filamu. Tajiri, mzee mwenye maneno machache, aliuliza swali moja: "Mwanangu, taa zangu mnakwenda kuvulia nini?" Nikamjibu, "Majini, baba." Akasema, "Haya. Msije mkanirudishia nayo kwenye betri."

Sasa mwanga wenyewe. Ni mweupe mkali unaovuta kwenye buluu. Niliiweka kamera kelvini 4,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, na mawe ya Igombe yakaingia ubaridi niliokuwa nautafuta bila kuongeza kitu. Taa mbili tulizificha nyuma ya mawe. Ya tatu tukaiacha kwenye boya lake, tumeifunga kamba, ielee karibu na miguu ya binti. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Mwanga unatokea chini, unapita kwenye maji, na kila wimbi linauchezesha juu ya jiwe. Kuutengeneza mchezo huo kwenye kompyuta ningekesha, na bado ungeonekana wa kompyuta.

Halafu wadudu. Taa ikishakaa kidogo, wadudu wa ziwani wanajaa. Kwenye harusi ya nje ningelalamika. Hapa, wakimulikwa kutoka nyuma, wanakuwa chembe za mwanga zinazomzunguka binti kila anapogeuka. Waliotazama wameniuliza nimetumia programu gani. Mwigizaji wetu, aliyemeza kadhaa, anawajibu mwenyewe.

Usoni sasa, taa hizi hazifai. LED za bei ndogo huwa na upungufu wa wekundu kwenye mwanga wake, na ngozi yetu inauhitaji sana wekundu huo. Binti alitoka wa kijivu chenye kaukijani, na rangi ambayo haikurekodiwa huwezi kuipata baadaye hata ukae kwenye kompyuta mpaka asubuhi. Kilichotuokoa ni karabai ya zamani iliyokuwa kwenye banda la tajiri. Mwanga wake wa njano una joto ambalo LED haina: karabai usoni, taa ya dagaa mgongoni, na hapo ndipo picha ilipokaa. Karabai nayo inavuma, basi matukio hayo tuliyapiga bila maneno, na pale maneno yalipohitajika tuliyarekodi baadaye chumbani kwangu, magodoro yameegeshwa ukutani.

Kama taa yako ina kitufe cha kupunguza mwanga, usikiguse. Taa nyingi za namna hii hupunguza kwa kuwaka na kuzima haraka sana. Jicho halioni, lakini kamera inaweza kuandika mistari inayotembea kwenye picha nzima. Iache iwake yote kisha uisogeze. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Ukitaka uwe laini, tanda chandarua cheupe mara mbili mbele yake. Chandarua cha zamani ni kizuri zaidi, kimeshapoteza ule mng'ao.

Betri zipigie hesabu kabla hujawaita watu. Betri ya ampea-saa 7 kwa volti 12 ni wati-saa 84. Taa ya wati 10 ingewaka saa nane na kitu, ila betri ya asidi si vizuri kuimaliza zaidi ya nusu, kwa hiyo panga saa nne. Na za mwaloni zimechoka, huenda hata hizo nne usizifikishe. Beba msasa pia, kwa sababu klipu za kuunganishia betri zina kutu.

Harufu? Ipo, na haitoki. Noah ya shemeji bado inanuka dagaa, na dada yangu hajasema neno kuhusu filamu, anazungumzia viti tu. Vazi jeupe la binti liwekwe gari tofauti.

Jambo moja si la utani. Maji ya kando ya ziwa yana kichocho, na mwigizaji anayesimama humo saa nzima anapaswa kuambiwa kabla hajakubali, kisha akapime hospitali baadaye. Wapeni mabuti wote wasioonekana kwenye kamera. Wavuvi wa hapo ndio wanaojua viboko wanatokea upande gani, mlipeni mmoja akae nanyi usiku kucha. Na atakayepanda mtumbwi avae jaketi okozi hata kama linaharibu picha.

Kwa filamu ya usiku karibu na maji nazipa nyota nne kati ya tano. Kwa mahojiano, au chochote kinachotegemea uso, mbili, na hizo mbili ni kwa sababu ya ukimya wake. Ndani ya nyumba sizipendekezi kabisa, balbu za kawaida zitakufaa zaidi na hazinuki.

Mkizikodi, zirudisheni zikiwa zimechajiwa na klipu za betri zimesafishwa, kabla giza la mwezi halijaanza. Tajiri wetu alishatuambia bei ya kuchelewa: tutamlipa dagaa wa usiku huo, kwa ndoo, na idadi ya ndoo ataitaja yeye.