Modeli za udhaifu kwa njia ya Bayes: programu hii inakupa jibu lake, si la data

Nyota mbili, na ya pili naitoa kwa shingo upande.

Programu ni ya kulipia, hukokotoa modeli za udhaifu (udhaifu ni tofauti ya hatari iliyojificha kati ya mgonjwa na mgonjwa), na inajinadi kwamba kazi yote ni kubofya tu. Nimeipa data za figo za McGilchrist na Aisbett za mwaka 1991: wagonjwa 38, kila mmoja vipindi viwili vya kusubiri maambukizi ya katheta. Data ndogo, inajulikana, na ndiyo iliyoivua nguo.

Chaguo-msingi ndilo bovu. Kinyume cha varianzi ya udhaifu (kipimo cha mtawanyiko wake) kimepewa mgawanyo wa awali, yaani dhana ya kabla ya kuona data, wa gama (0.001, 0.001), eti usiegemee popote. Unaegemea! Kwa vipindi viwili tu kwa mgonjwa, data hazina nguvu ya kuizuia varianzi isivutwe kuelekea sifuri. Weka nusu-kawaida (upande chanya wa mgawanyo wa kawaida) yenye kipimo 1 juu ya mkengeuko sanifu wenyewe, yaani kipeo cha pili cha varianzi. Mkengeuko wa 1 kwenye logi ya hatari tayari unamzidishia mgonjwa hatari mara 2.7, upana gani zaidi unatakiwa?

Halafu sampuli, yaani jinsi kompyuta inavyotembea hatua kwa hatua, kwa mnyororo, kukusanya thamani zinazowezekana. Athari za wagonjwa (b, udhaifu wa kila mmoja kwenye logi ya hatari) zimeandikwa moja kwa moja, b ~ kawaida(0, σ), σ ikiwa ule mkengeuko sanifu. σ ikisinyaa, b zote 38 hubanwa kwenye shingo ya faneli, maana eneo la majibu lina umbo hilo, na hatua iliyofaa mdomoni inakuwa ndefu mno shingoni. Dawa ni mstari mmoja: chukua z kutoka kawaida(0, 1), kisha b = σ × z. Niliomba chaguo hilo, mhudumu akanikata: "Refusha mnyororo, mbona wengine hawalalamiki?" Mnyororo usioingia shingoni, urefushe mara kumi, bado hauingii! Kupandisha lengo la ukubali (sehemu ya hatua zinazotakiwa kukubaliwa, ili hatua ziwe fupi) kutoka 0.8 hadi 0.99 hupunguza maonyo ya sampuli mbovu, ila kompyuta inakesha.

Haki yao niwape: hatari ya msingi ya vipande vipande (isiyobadilika ndani ya kila kipande cha muda) wameijenga vizuri sana, na vipindi vilivyokatizwa (kabla maambukizi hayajaonekana) vinahesabiwa sawasawa. Makundi yakiwa na matukio mengi kila moja, hata ule uandishi wa b moja kwa moja unafaa, na hapo ningefika nyota nne.

Lakini jedwali la mwisho linachapisha uwiano wa hatari bila kusema ni kati ya watu wenye udhaifu sawa. Kwa udhaifu wa gama, uwiano wa jamii nzima husogea kuelekea 1 kadiri muda unavyokwenda, na daktari atausoma visivyo. Maonyo yote ya sampuli, nayo, yamefichwa kwenye faili la kumbukumbu huku ripoti ikitoka safi. Hapana, ile ya pili naiondoa. Nyota moja.