“Si mmerudi lakini?” Uzoefu wangu na ziara za bandarini zinazouzwa ndani ya meli

Nitaanza na hukumu, maana najua wengi mnasoma mistari ya juu tu: ziara ya Santorini msinunue kwenye kaunta ya meli. Ya Florence nunueni. Ya Roma inategemea ujasiri wa mtu na treni. Ya Athens ni kuchezea hela. Basi, wenye haraka wanaweza kwenda zao. Wengine nivumilieni, maana hasira haijaniisha.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mediterania, kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho, Italia kwanza halafu Ugiriki. Kampuni siitaji. Tulikuwa mimi, dada yangu mkubwa ambaye goti lake limegombana na ngazi siku nyingi, na shemeji. Chumba, chakula na muziki wa usiku sina neno navyo, na picha zake ziko kila mahali. Mimi nazungumzia siku za bandarini tu, zile saa chache unazopewa ushuke, uzunguke, na uwe umerudi kabla meli haijaondoka.

Ziara ya meli ni ghali kuliko ya mtu wa nje anayekusubiri getini na kibao chenye jina lako. Hilo halina mjadala, na mara nyingi basi ni lile lile na mwongozaji ni wa aina ile ile. Unacholipia zaidi ni ahadi. Wanakwambia: ukiwa kwenye ziara yetu na mkachelewa, meli itawasubiri, na ikishindwa kusubiri tutawafikisha bandari inayofuata kwa gharama zetu. Ukienda kivyako ukachelewa, meli inang'oa nanga. Pasipoti yako, kama uliiacha kwenye sefu ya chumba, wanaitoa wanamwachia wakala wao bandarini, na nauli ya kuifukuza meli utajua mwenyewe utaitoa wapi. Dada yangu alisikia habari hiyo ya pasipoti kwenye kikao cha kwanza cha maelezo, akasema tununue zote. Na kusema kweli, kwa siku za mwanzo sikujuta.

Maana ahadi hiyo niliiona ikitimizwa. Meli inayosema inakwenda Florence inatia nanga Livorno, na kutoka hapo hadi Florence ni zaidi ya kilometa 80. Barabara inayounganisha miji hiyo wenyewe wanaiita FI-PI-LI, yaani Firenze (ndiyo Florence), Pisa, Livorno, na jioni ile ilikuwa imeziba kabisa. Basi halisogei. Watu wakaanza kutazama saa, mmoja nyuma yetu akaanza kuulizia hoteli. Mwongozaji wetu, mama mtu mzima, akapiga simu moja, akageuka akasema, “Wanajua tuko wapi.” Akaketi akaendelea kusoma gazeti lake. Tulifika tumechelewa sana, na meli ilikuwepo, taa zote zinawaka, na mlangoni kuna watu wamesimama na maji baridi na taulo. Hakuna aliyetununia. Siku hiyo ningeulizwa ningetoa nyota tano na nyingine ya kuazima.

(Kuna abiria ambao burudani yao ni kusimama sitahani na glasi mkononi kuwatazama wanaokimbia gatini, na kuwapigia makofi. Mimi sikuona cha kuchekesha.)

Jambo moja kabla sijafika kwenye uchungu wenyewe, kwa sababu pale kaunta hakuna atakayekwambia: angalieni siku ya wiki. Makumbusho ya Florence, Uffizi na Accademia, hii ya pili ndiko iliko sanamu ya Daudi ya Michelangelo, hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ratiba ya meli haijali hayo. Unaweza kufika Florence siku ambayo milango unayoitaka imefungwa, na ziara bado ikauzwa kwa jina zuri tu la “matembezi ya mji wa sanaa”.

Haya. Santorini.

Pale hakuna gati la meli kubwa. Meli inasimama katikati ya lile shimo la bahari lililoachwa na volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, nanyi mnashushwa kwa boti ndogo. Wenye ziara za meli wanapelekwa Athinios, bandari ya feri, kwa sababu ndiko mabasi yanakofika. Wasio na ziara wanapelekwa bandari ya zamani iliyo chini kabisa ya mji wa Fira, na kutoka hapo kwenda juu kuna gari la kebo, kuna punda, na kuna miguu yako juu ya ngazi zinazokaribia 600. Kwa hiyo asubuhi mwenye tiketi ya meli ni mfalme. Anashuka boti, basi hili hapa, anapanda zile kona zilizochongwa kwenye jabali hadi kijiji cha Oia kupiga picha, huku wenzake wamekwama chini na jua. Tuliwahurumia kabisa. Shemeji hata alisema, “Unaona faida ya kulipa?”

Kumbe kurudi ni habari nyingine. Basi halirudi Athinios. Linawashusha Fira, mwongozaji anawagawia tiketi za gari la kebo, anawaonyesha kwa kidole uelekeo wa kituo, anawapungia mkono. Basi. Kutoka hapo mko sawa na kila mtu aliyeshuka na meli yoyote siku ile.

Sasa fikirieni. Vibanda vya gari lile vinakwenda sita sita, kila kimoja watu sita. Ni watu 36 kwa mkupuo mmoja. Kisiwa kimewekewa kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na hata siku ambayo kikomo kinaheshimiwa, wengi wao wanataka kushuka saa zile zile za alasiri, kwa mlango ule ule. Foleni ilianzia kituoni, ikapita maduka ya vito, ikakunja kona, ikapanda kichochoro, ikakutana na kichwa chake. Tulisimama humo. Dada yangu alisimama kwa mguu mmoja, kisha akaegemea ukuta, kisha akakaa kwenye kizingiti cha duka hadi mwenye duka akatoka kumwangalia. Ngazi hazikuwezekana. Hata mtu mwenye magoti mazima anazishuka kwa kuomba Mungu, mawe yameng'arishwa na kwato na samadi ya punda iko kila hatua, na punda wenyewe wanapanda huku wewe unashuka.

Kilichoniuma ni kwamba hapakuwa na mtu wa meli hata mmoja kule juu. Kibao hakuna, mwavuli hakuna, kijana mwenye redio ya kusema “ndiyo, tunawaona” hakuna. Niliyemwona wa kwanza alikuwa chini kabisa, kwenye kigati cha boti. Saa iliyoandikwa kuwa ya boti ya mwisho ilipita tukiwa bado tunakihesabu kichochoro. Simu ya dada ilikuwa inasoma saa moja mbele ya saa ya mkononi ya shemeji, kwa kuwa Ugiriki iko mbele ya Italia kwa saa moja na shemeji alikuwa amekataa kugusa saa yake, kwa hiyo wakaanza kubishana wao kwa wao. Tulipofika chini boti zilikuwa bado zinakwenda na kurudi. Boti ya mwisho haikuwa ya mwisho. Abiria wengi mno walikuwa bado juu, na meli ilisubiri.

Kwa hiyo hatukuachwa. Naandika hivyo wazi ili msije mkaniuliza.

Jioni ile nilikwenda kaunta ya ziara. Nilikuwa nimeoga, nimekula, nimetulia. Nasisitiza, nilikuwa nimetulia. Nilikuwa na swali moja tu, na ni swali ambalo mtu yeyote aliyelipa ana haki nalo: je, kama tungechelewa kabisa, tungehesabiwa tuko kwenye ziara ya meli, au wa kivyetu?

“Ziara yenu ilimalizikia Fira,” yule dada wa kaunta akasema, macho kwenye kompyuta. “Baada ya hapo ni muda wenu binafsi.”

“Muda wangu binafsi wa kusimama foleni?”

“Tiketi za gari la kebo mlipewa.”

“Na dada yangu huyu, asiyeweza ngazi?”

Hapo ndipo akainua uso. Akamtazama dada yangu, akanitazama mimi, akatabasamu lile tabasamu la kazini. “Lakini madamu, si mmerudi?”

Si mmerudi! Nimekaa na jibu hilo hadi leo. Ni sawa na mtu kukuuzia mwavuli wenye tundu, ukimrudia anakwambia mbona mvua haikunyesha. Mimi sikulipa ile ziada ili nirudi. Kurudi hata wasiolipa walirudi, tena boti moja na sisi. Nililipa ili nisikae kwenye kichochoro kile moyo unadunda, nikipiga hesabu ya pasipoti tatu na nauli ya ndege kutoka kisiwani. Wasiwasi ule ndio walioahidi kuniondolea. Florence waliuondoa kwa simu moja. Santorini waliniachia wote, kisha wakaniambia kwamba kwa mujibu wa karatasi haukuwa wao.

Nikarudi chumbani nikayafungua maelezo ya ziara, yale niliyosoma kabla ya kulipa. Yameandikwa: muda huru Fira kabla ya kurudi melini. Kurudi melini kumo humo ndani ya sentensi, jamani! Wapi pameandikwa kwamba ahadi inashuka basi kabla yako?

Kesho yake, tuko Piraeus, bandari ya Athens, kijana mwingine wa kaunta ile ile alinisikiliza hadi mwisho. Akamvutia dada kiti kwanza. Halafu akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba foleni ya Fira huwa wanaifahamu vizuri, kwamba kadi ya chumba inasomwa mlangoni unapotoka na unapoingia, kwa hiyo meli inajua kwa jina nani bado yuko kisiwani, na wale wa ziara hawaachwi. Nilibaki kumtazama. Jibu lilikuwepo! Angelitoa yule dada jana yake, kwa sentensi hiyo hiyo, ningekwenda kulala na haya yote msingeyasoma. Nikamwuliza, mbona basi hamliandiki? Akacheka kidogo, akasema hilo ni la ofisini. Kwa hiyo wanawasubiri watu lakini hawataki kubanwa na ahadi ya kusubiri. Ahadi ya mdomo wa kijana mwema. Nilimshukuru, na hasira ikapanda upya nikiwa njiani kurudi chumbani.

Athens tulikwenda wenyewe. Treni ya metro inatoka Piraeus inakuteremsha Monastiraki, Akropoli iko juu yako. Napoli vilevile, magofu ya Pompeii yanafikika kwa treni ya Circumvesuviana kwa bei ya kuchekesha ukilinganisha na basi la meli, ingawa treni yenyewe haina adabu ya kiti wala hewa. Civitavecchia, bandari ya kwendea Roma, ndiyo iliyonigawanya: Roma iko mbali, treni ni nzuri, lakini siku ya mgomo utatamani basi la meli. Wa nje wengi wanarudisha hela meli isipoweza kushusha abiria, ila ulizeni kabla, kwa maandishi, hasa bandari za boti, maana mawimbi yakikataa hakuna wa kubishana nayo. Meli kwa ziara zake inarudisha yenyewe bila kuombwa. Hilo nawapa.

Na Santorini? Nikirudi nitapanga hivi: wakati wenzangu wanatafuta kivuli na kahawa Oia, mimi nishaanza safari ya Fira, niwe kwenye foleni saa mbili kabla ya boti ya mwisho. Kwa tiketi ya meli au bila, kushuka ni kule kule.

Nyota mbili. Florence ilistahili tano, kaunta sifuri, yule kijana wa kiti nampa nne peke yake, na ukijumlisha haileti mbili, najua. Niliwaandikia malalamiko, wakanijibu kwa barua ndefu ya pole yenye punguzo la safari ijayo, bila kugusa swali langu la ziara inaisha wapi. Nimewaandikia tena. Shemeji, ambaye kwake yote haya ni kelele, ameshalitaka punguzo lile na kuniuliza kama tunakwenda. Nimemwambia anitumie kwanza orodha ya bandari, azitie alama zote zisizo na gati.