Karibu mwaka na saa janja ya kukimbilia: uzoefu wangu, pamoja na mguu ulioniumiza

Naandika hii baada ya karibu mwaka mzima wa kuivaa usiku na mchana, maana maoni mengi ya saa janja ninayoyasoma mtu kaandika wiki ya kwanza, bado ana furaha ya kufungua boksi. Jina la kampuni siliweki kwa sababu yaliyonikuta mimi naamini yanaweza kumkuta mwenye saa yoyote, saivi zinafanana sana, taa za kijani kwa nyuma, GPS, hatua, usingizi, mapigo ya moyo. Nilinunua Aprili 2025 Kariakoo, laki nne na themanini, nilijichanga miezi mitatu.

Mi nina miaka 39, watoto wawili, nafanya uhasibu maeneo ya Posta na naishi Tabata. Jumapili alfajiri natoka na klabu yetu ya joging ya mtaani, ile ya fulana za rangi moja na nyimbo barabarani, na mwaka jana nikajiwekea lengo la kukimbia nusu maratoni ya Kilimanjaro pale Moshi mwisho wa Februari, kilometa 21. Kabla ya saa nilikuwa nakimbia Jumapili tu alafu wiki nzima niko kwenye kiti.

Kwa upande wa kukuamsha, saa hii inaweza kazi hiyo jamani. Ina kiduara chenye rangi kinachojaa kadri unavyotembea, ukifikisha lengo la siku inatetemeka mkononi kinang'aa, na pembeni kuna namba inayokuambia umefikisha lengo siku ngapi mfululizo bila kukosa. Hiyo namba ndo iliyonibeba. Nilianza Mei 2, mvua za masika bado zipo, nikawa naamka saa kumi na nusu alfajiri nakimbia na koti la mvua, mume wangu haamini kama ni mimi. Siku 10, siku 30, siku 50. Nilishuka kilo sita, ngazi za ofisini napanda bila kuhema. Haya yote yalitoka kwenye saa na nashukuru kwa hilo mpaka leo.

Ila kitu nilichochelewa kukiona ni kwamba ile namba haina siku ya kupumzika. Kwenye saa yangu huwezi kuiambia leo naumwa, leo nimesafiri, leo nimepanga kulala. Ukikosa siku moja inarudi sifuri, basi.

Siku ya 76 nilikuwa na malaria. Nimepima asubuhi, nimeanza dawa, mwili unauma hadi ngozi ya kichwa, na saa tatu na nusu usiku mkono ukatetemeka, zimebaki hatua 2,300. Nikatoka kitandani nikajifunga kanga nikaanza kuzunguka uani, kutoka kwenye tanki la maji hadi getini, getini hadi kwenye tanki. Mama alikuwa amekuja kunisaidia watoto, akasimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, unatafuta nini usiku huu?" Nikamwambia namalizia mazoezi, mama. Hakusema kitu, akaingia ndani akarudi na glasi ya maji, akabaki amesimama nayo hadi nikamaliza. Saa ikanipongeza. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipokuja kuangalia rekodi baadaye nikakuta saa hiyohiyo ilikuwa imeona kitu tangu siku mbili kabla, mapigo yangu ya moyo ya usingizini huwa 58 au 59, asubuhi ile ilikuwa 69, yani taarifa ilikuwepo lakini imefichwa ndani kabisa kwenye programu ya simu, ukurasa wa tatu huko, wakati ile ya "zimebaki hatua 2,300" inakuja yenyewe mkononi na mtetemo juu.

Agosti mguu wa kulia ukaanza kuuma kwenye ugoko, kwa ndani, upande wa chini. Mwanzoni ni kwa dakika kumi za kwanza tu, nikipata joto unapotea, kwa hiyo nikawa natafuta hilo joto. Alafu ukawa hauishi. Alafu ukaanza kuuma hata nikishuka kwenye mwendokasi, ile hatua ya kutoka mlangoni. Na mi bado nakimbia, maana niko siku ya 100 na kitu nitaachaje sasa. Siku ya 114 nilishindwa kusimama kwa mguu mmoja kuvaa suruali.

Yule kaka wa fiziotherapia aliyenipokea alianza kwa kuniambia, "Dada, weka kidole gumba mwenyewe, nionyeshe panapouma." Nikaweka. Akasema nimesaidia sana, kwa sababu mtu mwenye maumivu yaliyosambaa kwenye ugoko mzima hapa na pale mara nyingi ni misuli na ule utando unaofunika mfupa, lakini anayeonyesha sehemu moja ndogo kama sarafu ya mia, pale wanaogopa ufa kwenye mfupa wenyewe. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, akanielewesha kuwa nyufa za namna hii zikiwa changa mara nyingi hazionekani kwenye eksirei, tutautendea mguu kama una ufa. Wiki sita bila kukimbia. Akaniuliza nimepumzika lini mara ya mwisho, nikafungua simu nimtajie siku, nikakuta hakuna.

Maelezo yake ndo yamenibadilisha kuliko kitu kingine chochote. Alisema moyo na mapafu vinazoea haraka, wiki chache tu unajisikia una pumzi, misuli inafuata, lakini mfupa ni wa mwisho, na mfupa ukipata kazi mpya unaanza kwa kubomoa sehemu iliyochoka ndo ujenge upya iliyo imara zaidi, kwa hiyo kuna kipindi pale katikati unakuwa dhaifu kuliko ulivyoanza. Ukiupa muda unajenga. Ukiupiga kila siku kubomoa kunaupita ujenzi. Nilikuwa najua kupumzika ni kuacha mazoezi, kumbe mazoezi yanafanya kazi yake wakati umelala. Nilikaa kwenye daladala kurudi nyumbani nafikiria hilo tu.

Wiki ya tatu ya kukaa ndo ilikuwa ngumu. Septemba 15 naamka nakuta simu imejaa, Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya maratoni Tokyo, 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wametenganishwa kwa picha, na ni dhahabu ya kwanza kabisa ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nililia. Klabu nzima wanapanga kutoka jioni hiyohiyo kusherehekea kwa kukimbia, na mi viatu viko pale mlangoni. Sikwenda. Nilikaa kwenye kiti uani nimeinua mguu juu ya ndoo, na ile saa mkononi ikatetemeka kunikumbusha sijafikisha hatua zangu. Hapo nikaingia kwenye mipangilio nikazima zile taarifa zote, moja moja.

Kwa kuwa nilikuwa na muda nikaanza kusoma hizi hatua elfu kumi zinazowekwa kama lengo la siku zimetoka wapi. Hazikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 huko Japani, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilitoa kifaa cha kuvaa kiunoni kinachoitwa manpo-kei, yani kipimahatua elfu kumi, jina zuri la kuuzia. Wakati Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 wanahesabu kwa wiki, dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na kujenga misuli siku mbili au zaidi. Kwa wiki jamani! Ukihesabu kwa wiki siku ya kulala ina nafasi yake, ukihesabu kwa siku kila pumziko linaonekana kosa.

Kwa hiyo saivi naitumia hivi. Lengo la siku nimelishusha hadi hatua 4,000, hata siku ya kwenda kazini tu nafikisha bila kufikiria. Lengo halisi nimeandika kwenye karatasi jikoni, kukimbia mara nne kwa wiki, mazoezi ya nguvu mara mbili, Jumatatu na Ijumaa hakuna kukimbia. Asubuhi kabla ya kutoka kitandani naangalia namba moja tu, mapigo ya moyo ya usiku, ikiwa imepanda saba au zaidi juu ya kawaida yangu na usingizi ulikuwa mbovu, navua saa narudi kulala. Tangu Oktoba imeshatokea mara nne, mara mbili kati ya hizo kesho yake niliamka na mafua, na mara moja ilikuwa wiki ya kufunga mahesabu ya mwaka ofisini, yani hata mawazo ya kazi inayaona.

Sasa vitu vya kiufundi mnavyopenda kuuliza. Ile taa ya kijani inasoma damu inavyopita chini ya ngozi, ikilegea inasoma uongo, mara nyingi naanza kukimbia inaniambia 172 kabla hata sijatoka jasho, kumbe imeshika vishindo vya miguu badala ya moyo. Ipandishe juu ya kifundo cha mkono vidole viwili na uikaze wakati wa kukimbia, inatulia. GPS iko vizuri sana kwenye Daraja la Tanzanite na Coco Beach, katikati ya maghorofa ya Posta inakuchora umepita ndani ya majengo. Usingizi inakadiria tu, nikilala kwenye kochi naangalia tamthilia bila kusogea inahesabu nimelala, hapo msiiamini dakika kwa dakika, angalieni mwelekeo wa wiki. Chaji siku tano kama unakimbia na GPS mara nne.

Kile kipengele cha kukuambia upumzike kwa masaa mangapi baada ya mazoezi ni kizuri lakini hakijui joto la Dar. Mwendo uleule ambao Julai moyo ulikuwa unapiga 148, Januari unapiga 165, kwa sababu mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi kujipooza na ile hewa ya unyevu jasho halikauki. Saa ikaanza kuniambia uwezo wangu unashuka, kila wiki unashuka, mwanzoni nilitaka kuongeza mazoezi nifidie. Nikampigia yule kaka wa fiziotherapia akanicheka kwa upole, akaniambia dada punguza mwendo, anza mapema, joto ni mazoezi tayari. Akaongeza kuwa hata Mkenya Eliud Kipchoge, aliyemaliza maratoni ya Berlin 2022 kwa 2:01:09, siku yake nyepesi anaianza taratibu mno. Na kweli pale klabuni kwetu siku nyepesi hazipo, kila Jumapili ni mashindano, hili nimelisema mbele ya wenzangu na saivi tuna kundi la nyuma la kuongea njiani, tumefika kumi na moja.

Moshi nilifika mguu hauumi. Nusu ya kwanza ni kupanda kuelekea Mweka, kilometa moja pale juu nilitembea kwa makusudi, kurudi ni kushuka, nikamaliza 2:34. Saa ikaniambia pumzika saa 72. Nikapumzika siku kumi, nikalala, nikala ndizi za mama mkwe, na sikuangalia ile namba ya siku mfululizo hata mara moja, sasa hivi sijui iko ngapi.

Je, ununue? Kama hujawahi kuwa na mazoea ya mazoezi kabisa, ndiyo, itakutoa kwenye kochi. Kama wewe ni mtu wa kutokubali kushindwa, kama mimi, nunua ila siku hiyohiyo uzime vikumbusho vya lengo na uiweke ile namba ya moyo ya asubuhi iwe ukurasa wa kwanza, muulize muuzaji akuonyeshe kama inawezekana kabla hujatoa hela, saa nyingine hazikubali. Na kama una sehemu moja kwenye mfupa inayouma ukiibonyeza na kidole, usisubiri saa ikuambie kitu, haina namna ya kuujua mfupa wako, nenda ukaonwe wiki hiyohiyo.

Mkanda uliokuja nayo ulikatika mwezi wa nane, nimenunua mwingine elfu kumi na tano, chukueni wenye vitobo, usio na vitobo kwa jasho la huku unaleta vipele, na usiku mlegeze tundu moja.