Vichwa Vitatu vya Greni 180: Uzito Mmoja, Tabia Mbalimbali

Assalaam alaykum, watazamaji wetu, na karibuni. Ndugu zetu wa Tanzania wanaojijazia risasi za kuwindia huuliza: ikiwa vichwa vitatu, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka kutoka kwenye bunduki, vya kaliba ya .308 (kipenyo cha inchi 0.308) vyote vina greni 180, yaani takriban gramu 11.7, kuna ubaya gani kutumia kimoja badala ya kingine? Ubaya upo, kwa sababu mizani haikuambii kichwa kimeundwa vipi ndani.

Niseme mapema kwamba huku Mombasa, kama kwingineko Kenya, uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Mezani kwangu hapana risasi hata moja. Mnazoziona ni picha za vichwa vilivyokatwa katikati, na maneno yangu yanawahusu wenye vibali katika nchi zinazoruhusu.

Nosler Partition, kilichobuniwa na Mmarekani John Nosler katika miaka ya 1940, kina vyumba viwili vya madini ya risasi vilivyotengwa kwa ukuta wa shaba. Chumba cha mbele hufumuka na kumeguka, na cha nyuma huendelea kupenya. Kwa kawaida kichwa kizima hubaki na thuluthi mbili hivi za uzito wake. Wapo wanaoiita hiyo kasoro. Mimi siioni hivyo, maana vile vipande vya mbele huharibu mapafu upesi. Swift A-Frame nacho kina ukuta kama huo, lakini madini ya mbele yameunganishwa na ganda lake la shaba, kwa hiyo hakimeguki sana hata kikigonga mfupa wa bega.

Barnes TSX ndicho kinachotaka uangalifu zaidi. Ni shaba tupu, na kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, uzito uleule hudai kichwa kirefu zaidi. Urefu huo huingia ndani ya kasha la risasi linalobeba baruti na kuila nafasi ya baruti hiyo, hivyo anayehamisha kipimo cha baruti kutoka kwa Partition hadi TSX bila kubadili kitu anaweza kupandisha shinikizo hadi kiwango cha hatari. Fuateni jedwali la vipimo vya baruti la mtengenezaji wa kichwa husika, anzeni na kipimo cha chini, na mkumbuke kwamba baruti nyingi huongeza shinikizo zinapopata joto.

Shaba hutaka pia mwendo wa kasi ili ifunguke inapogonga mnyama, na kwa kuwa haipotezi uzito wake, TSX ya greni 165 inatosha kabisa kwa kongoni. Haiachi madini ya risasi katika mzoga unaoliwa na tumbusi, na hiyo ni miongoni mwa sababu zilizoifanya California kupiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji kuanzia Julai 2019. Kwa pofu, aliye mzito na mwenye mifupa minene, ningechagua A-Frame ya greni 180, ijapokuwa bei yake si ya kufanyia mazoezi ya shabaha.