Magari yangu matatu ya Kimarekani, moja lina jina la Kijapani

Mtu wa Tanga akihamia Columbus, Ohio, kila anayempokea humtisha kwa baridi. Mimi wangenionya habari ya chumvi. Theluji ikidondoka, malori ya mji hupita usiku yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isishike, na asubuhi gari lako unalikuta jeupe mpaka kwenye vitasa. Sisi wa pwani tunajua chumvi inachofanya kwenye bati. Baiskeli ya babu pale Chumbageni ililiwa na upepo wa bahari tu, maji yenyewe haikuwahi kuyagusa. Huku gari linaogeshwa chumvi miezi minne kila mwaka. Ndiyo maana mgeni akiniuliza anunue gari gani, sianzi na injini wala jina. Namwambia alale chini, atazame tumbo la gari.

Nilifika hapa 2008, na mpaka leo nimemiliki magari matatu, yote yameundwa Marekani.

La kwanza nililinunua mwanzoni mwa 2009, sedani ya 1997 ya kampuni mojawapo ya Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Kimarekani. Ipi, sisemi, kwa sababu lilikuwa na miaka 12 na mimi nilikuwa mmiliki wa nne au wa tano. Walionitangulia Mungu ndiye anajua walilitesa vipi. Nililipa dola 1,900. Lakini raha yake! Siti ya mbele ilikuwa kama kochi la sebuleni, imetandazwa toka mlango hadi mlango, gia iko kwenye usukani, watu watatu tunakaa mbele bila kubanana. Ukiingia kwenye shimo ni kama umekanyaga mto wa sufi. Nikampigia simu baba mdogo, fundi gereji Tanga tangu kabla sijazaliwa, nikamtajia jina la gari kwa majivuno. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo ni gari la mtu mwenye kisima chake cha mafuta, mwanangu. Na spea?"

Spea hazikunisumbua. Hapo mambo ya huku na ya nyumbani yamepeana mgongo. Tanga ukiwa na Toyota unapata kitu chochote hata saa mbili usiku, na mwenye gari la Kimarekani anasubiri kifurushi kutoka nje mpaka nyasi ziote chini ya tairi. Columbus spea za Detroit zimejaa kila duka, na yadi za magari mabovu zimesheheni. Kilichoniumiza ni giaboksi. Ilianza kuteleza: nakanyaga mafuta, injini inalia, gari linafikiri kwanza ndipo linakwenda. Fundi akataka dola 2,200. Tena alipolinyanyua juu aliichomeka bisibisi kwenye kizingiti cha mlango, nayo ikazama kama kwenye andazi. Kutu ilikuwa imemaliza kazi kwa ndani, nje rangi inang'aa. Yadi ya vyuma chakavu ilinipa dola 350. Nilikaa nalo miezi 14.

Wakati huohuo Detroit yenyewe ilikuwa mahututi. Chrysler ilikimbilia mahakama ya kufilisika Aprili 30, 2009, General Motors ikafuata Juni 1, na serikali ikatia fedha kuziokoa zote mbili. Ford haikufika mahakamani, kwa kuwa mwaka 2006 ilikuwa imeshakopa mabilioni mapema na kuweka rehani mali zake, mpaka ile nembo ya buluu. Nilikuwa naangalia habari hizo kwa kinyozi, na wazee wa Kimarekani waliokuwepo walikuwa kimya kama watu walio matangani. Mmoja alisema baba yake hakuwahi kununua gari lisilo la Detroit, na yeye hajui tena atamwambia nini mwanawe.

Mimi nilishangaa, maana nilikokulia hatukuwa na la kulilia. Kumbe heshima ile ilianza kupungua zamani. Mwaka 1973 mafuta yalipopanda ghafla, Detroit ilikuwa imezoea kuunda magari makubwa yenye injini za silinda 8, na Wajapani wakaja na vigari vidogo visivyokula mafuta na ambavyo asubuhi vinawaka. Watu wakahama. Miaka ya mwanzo ya 1980 wafanyakazi waliopunguzwa kazi walikuwa wanavunja magari ya Kijapani kwa nyundo mbele ya kamera. Na haikuishia kwenye bati. Juni 1982, Highland Park, ndani kabisa ya eneo la Detroit, Vincent Chin, kijana wa miaka 27 mwenye asili ya China, alipigwa kwa rungu la besiboli akafa kwa hasira hizohizo, na mmoja wa waliohukumiwa alikuwa msimamizi katika kiwanda cha Chrysler. Hukumu yao ilikuwa faini na muda wa uangalizi, jela hawakwenda. Sisi wageni habari hii ni vizuri tuijue tunapocheka magari ya watu.

Mwaka huohuo wa 1982, mwezi wa Novemba, Honda ilianza kuunda gari lake la Accord huko Marysville, mji mdogo ulio kama nusu saa kutoka ninapoishi. Hapo ndipo gari langu la pili lilipozaliwa.

Nilikuwa nimeapa sitaki tena gari la Kimarekani. Mwaka 2012 nikanunua Accord ya 2007 ikiwa na maili 92,000, nikaipaki nje ya nyumba nikijiona mjanja, nimehamia Ujapani. Jirani yangu, mzee mmoja wa hapahapa Ohio, akaja kulizunguka. Nikamwambia safari hii nimenunua la Kijapani. Akacheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa amefanya kazi Marysville tangu enzi za kwanza, upande wa milango. "La Kijapani? Huenda mlango huo nimeufunga mimi."

Akanionyesha namba ya chasisi, ile inayosomeka kwenye kioo cha mbele upande wa dereva. Ina herufi na tarakimu 17, na ya kwanza inasema gari limeundwa wapi: 1, 4 au 5 ni Marekani, 2 Kanada, 3 Mexico, J Japani. La kwangu lilianza na 1. Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia mbaya ya kusoma namba za chasisi za watu kwenye maegesho ya msikiti.

Sitarefusha habari za Accord, kwa sababu gari zuri halina hadithi. Nilibadili breki, alteneta moja, boljoint, betri. Nilifanya nalo kazi ya kusambaza vifurushi na likafika maili 241,000, injini ikiwa ileile na giaboksi ileile. Tuliachana 2020 kwa ajili ya chumvi, na kosa lilikuwa langu, nilikuwa mvivu wa kuliosha tumbo.

Wakati natafuta mrithi wake nilitembelea yadi za magari mapya, ingawa mfukoni sina kitu, kusoma tu vibandiko vya kwenye vioo. Kuna sheria ya 1992 inayolazimisha gari jipya liandikwe limeunganishwa wapi, injini na giaboksi zimetoka nchi gani, na sehemu ngapi kwa mia ya vipuri ni za Marekani na Kanada. Kichwa kiliniuma. Buick Envision, jina la babu zao kabisa, imetoka China. Chevrolet Trax imetoka Korea Kusini. Ukivuka barabara unakuta Toyota Camry imeundwa Georgetown, Kentucky, ambako kiwanda kinaunda Camry tangu 1988. Baadaye Ford walipoleta kipikapu kidogo cha Maverick nilikipenda, kibandiko kikasema Hermosillo, Mexico. Mzalendo wa kweli itabidi aingie yadini na miwani.

Na sedani je? Mwaka 2018 Ford ilitangaza kwamba huku Marekani itaacha kuuza magari yake madogo na sedani, ibaki Mustang tu. Kwangu hilo ni pengo. Mtu anayeanza maisha, mwenye dola elfu kadhaa, anayehitaji kufika kazini na kurudi, Detroit wamemwachia Mjapani na Mkorea karibu wote.

Walikokimbilia ni kwenye pikapu, na huko wana kinga ya ajabu. Miaka ya 1960 nchi za Ulaya ziliongeza ushuru kwa kuku wa Marekani; Marekani ikalipiza, na mwaka 1964 malori madogo yanayotoka nje yakaanza kutozwa ushuru wa asilimia 25. Ugomvi wa kuku umesahaulika, ushuru ukabaki. Nyuma ya ukuta huo pikapu za Detroit zilinenepa kwa ukubwa na kwa bei, na tangu 1977 hakuna pikapu iliyouzwa zaidi Marekani kuliko F-Series ya Ford. Nami, baada ya viapo vyangu vyote, nikanunua mojawapo ya hizo, F-150 ya 2016, kwa sababu nilikuwa nimeanza biashara ya kuhamisha watu samani.

Kilichonivuta hakikuwa nguvu. Kuanzia modeli ya 2015 bodi ya F-150 ni ya alumini. Niliposikia hivyo nikakumbuka bisibisi kwenye andazi.

Yangu ina injini ya lita 2.7, silinda 6, turbo mbili. Wamarekani wakubwa kwa umri wanaibeza, kwao pikapu isiyo na silinda 8 ni chai bila sukari, lakini imevuta trela la makabati na friji mpaka Cleveland bila kuguna. Napata kama maili 20 kwa galoni, yaani kilomita nane na nusu kwa lita, isipokuwa ninapovuta mzigo. Siti bado ni za Kimarekani, za kulalia. Urefu ni karibu mita 6. Siku nikiota niko nayo Ngamiani, Tanga, nakata kona ya barabara ya 12, naamka natokwa jasho. Nimeikuta na maili 61,000, sasa ina 138,000, na zaidi ya oili, tairi na breki imenidai kidogo sana. Kwa bei ya mtumba naipenda. Mpya, zile zenye vikorombwezo vyote, zinapita dola 60,000 bila shida, na fedha hiyo nikiwa nayo najenga Pongwe, sinunui pikapu.

Mwaka 2023 baba mdogo alikuja kututembelea. Siku ya pili tu alikuwa nje, boneti iko juu. Nilipomwambia bodi ni alumini alinitazama kama ninayemuuzia sufuria. Akaingia ndani, akatoa kwenye friji sumaku ya watoto yenye umbo la embe, akaibandika mlangoni. Ikadondoka. Boneti, ikadondoka. Akazunguka gari zima, embe linadondoka, analiokota, mke wangu anacheka dirishani. Mwisho akavua koti, akalala chini kwenye saruji ya baridi, mzee wa miaka 71, akaingiza mkono. Nikasikia sumaku imegonga chuma, ta! "Chasisi ni chuma," akasema kutoka huko chini. "Hapa ndipo kutu itakapokuja kukutafuta. Ioshe."

Herufi ya 11 kwenye namba yangu ya chasisi ni F, kumaanisha imetoka Dearborn, Michigan. Nikampeleka. Ni mwendo wa saa tatu hivi, na kiwanda cha Rouge kinaruhusu wageni kupita kwenye daraja la juu na kutazama F-150 zikiunganishwa chini yao. Miaka ya 1930 eneo hilo liliajiri watu zaidi ya laki moja. Meli zilileta mawe ya chuma upande mmoja, magari yakatokea upande wa pili. Baba mdogo hakusikiliza sana historia. Aliegemea ukingo karibu saa nzima akitazama binti mmoja anayefunga kitu kwenye mlango, gari baada ya gari, mkono hauchelewi. Tulipotoka akaniuliza yule binti analipwa ngapi kwa saa. Nilipomkadiria, akapiga mluzi, akasema sasa ameelewa kwa nini ni ghali, na kwamba alidhani yanaundwa na mashine tu.

Wengi huniuliza kama nitarudi nayo Tanga. Hapana. Usukani uko kushoto, na spea ni hadithi ileile ya baba mdogo. Anayetaka Ford kule kuna Ranger zinazoundwa Afrika Kusini, usukani kulia. Kwa mgeni anayefika Ohio leo na dola zake chache, bado ningemwambia atafute Accord yenye namba inayoanza na 1 au Camry inayoanza na 4, tumbo lake likiwa kavu. Mwenye kazi ya mizigo ndiye ningempa ufunguo wa F-150 ajaribu.

Baba mdogo aliporudi Tanga watoto walilitafuta lile embe kwenye friji hawakuliona. Machi iliyopita nilikuwa nimelala chini napuliza maji kuondoa chumvi, nikaliona limeganda kwenye chasisi nyuma ya tairi la mbele, alipoliacha. Rangi yote ya njano imebanduka, na limeota kutu kabla ya chasisi.